Baiskeli Ikilia, Tafuta Kwanza Inalia Wapi

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA POLEPOLE.)

(SAUTI: Baiskeli inaendeshwa taratibu. Krii... krii... krii...)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, usiipige redio yako, haijaharibika. Hiyo ni baiskeli ya jirani yetu. Nimeiazima asubuhi hii nikaizungusha hapa nje ya chumba chetu cha kurekodia, watoto wakinicheka, ili uisikie vizuri. Isikilize tena.

(SAUTI: Krii... krii... krii...)

Hamjambo nyote. Karibuni kwenye kipindi. Wewe unayetusikiliza hapa Nakivale, na wewe unayesoma maandishi haya ukiwa Nyarugusu, Kakuma au Mahama, leo tunazungumza juu ya baiskeli. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita kinga. Ndugu zetu Warundi wanasema ikinga, Wanyarwanda wanasema igare, na wenyeji wetu hapa Uganda wanaiita gaali. Majina ni mengi, lakini ikianza kulia inalia kwa lugha moja.

Nazungumza hasa na wewe unayekula kwa baiskeli. Wewe unayebeba mikungu ya matoke kutoka kwa wakulima wa Isingiro. Wewe dada unayefunga madumu manne ya maji nyuma na ubavuni, na kila dumu ni lita 20, maana yake kilo 80 kabla hujajihesabu mwenyewe. Wewe unayempakia mgonjwa kwenye keria usiku kumpeleka kituo cha afya kwa sababu pikipiki haikupatikana. Kwako wewe baiskeli inayolia si jambo la kukera masikio tu. Kuna kitu kinasuguana, au kimelegea, au kimeanza kukatika, na wewe hujui ni kipi kati ya hivyo vitatu.

Nitakuambia kwanza kwa nini nimechagua mada hii, halafu tutaingia kwenye kazi.

Kabla sijaanza kazi ya redio, kaka yangu mkubwa alikuwa akibeba matoke. Jioni moja alirudi nyumbani akaniambia, "Mdogo wangu, kinga inalia." Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nimesoma fizikia, na pale nyumbani nilionekana mtu wa kuulizwa. Nikapanda, nikaendesha mita hamsini, nikasikia sauti chini yangu. Nikamwambia, "Kaka, ni kiti hicho. Springi zimechoka." Akanunua springi. Siku mbili kimya, siku ya tatu ikaanza tena. Nikamwambia basi ni pedali. Akanunua pedali. Ikaendelea kulia. Hapo akachoka na ushauri wangu na pesa ilikuwa imekwisha, akasema, "Iache ilie, mradi inatembea."

Ilitembea wiki tatu nyingine. Siku moja anashuka mlima na mikungu miwili ya matoke, akashika breki ya mbele, na foku ikakatika. Foku ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ilikatika juu kabisa, pale inapoingia kwenye fremu. Gurudumu likaenda upande wake, yeye akaenda upande wake. Alivunjika mtulinga, huu mfupa wa begani. Kwa miezi miwili hakubeba hata dumu moja, na nyumba yetu ilikuwa inamtegemea yeye.

Nilipeleka vile vyuma kwa baba mmoja fundi, mzee aliyekuwa akitengeneza kinga kule Uvira kabla ya vita, na sasa anafanya kazi chini ya mti karibu na soko. Akageuza ile foku iliyokatika, akanionyesha mdomo wake. Sehemu moja ya chuma ilikuwa inang'aa, mpya, imekatika siku ile ile. Sehemu nyingine ilikuwa ya kahawia, na kutu ndani yake.

Akaniuliza, "Unaona hii ya kahawia, mwanangu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba."

"Hii ilikatika zamani. Maji na vumbi vimeshaingia. Hii ndiyo iliyokuwa inalia."

Sikuwa na la kujibu. Kiti hakikuwa na kosa, pedali haikuwa na kosa. Mimi nilisikia sauti, nikataja kitu, kaka yangu akalipa. Nilikaa kwa yule baba miezi hiyo miwili nikimshikia spana, na mengi ninayosema leo ni yake.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Sasa, kwa nini masikio yangu yalinidanganya? Kwa sababu fremu ya baiskeli ni mabomba matupu ya chuma yaliyounganishwa. Ukigonga bomba upande mmoja, sauti inasikika upande mwingine. Kitu kinalia mbele, wewe umekaa katikati, na sauti inapita ndani ya bomba inakuja kutokea chini ya makalio yako. Kwa hiyo kukaa juu ya baiskeli na kusema "inatoka hapa" ni kubahatisha.

Kitu kisichodanganya ni wakati. Usijiulize kwanza inalia wapi. Jiulize inalia lini.

Endesha mahali tambarare, halafu acha kukanyaga, iache itembee yenyewe. Je, sauti imekoma? Kama imekoma, tafuta kwenye vitu vinavyofanya kazi miguu ikifanya kazi: pedali, mikono ya pedali, ekseli ya katikati, mnyororo. Kama inaendelea hata miguu imetulia, tafuta kwenye magurudumu, madigadi, au breki inayogusa. Usichanganye na ile tik-tik-tik ya friwili, hiyo ni sauti yake ya kawaida.

Halafu hesabu. Kanyaga polepole na uhesabu. Sauti inakuja mara moja kila pedali ya kulia inapofika chini? Basi ina uhusiano na pedali au mkono wake. Inakuja mara mbili na kidogo kwa kila mzunguko wa pedali? Kwa baiskeli nyingi zetu hizi za mzigo, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na zaidi kidogo pedali inapozunguka mara moja. Kwa hiyo hapo unalishuku gurudumu. Inakuja bila mpango, mara moja hapa, mara nyingine baada ya mizunguko mitatu? Tazama mnyororo, maana mnyororo ni mrefu na kiungo kibovu kinachukua muda kurudi pale pale.

Kisha simama juu ya pedali, usikalie kiti. Kama imenyamaza, hapo ndipo una haki ya kukishuku kiti, springi zake na nguzo yake. Mimi sikufanya jaribio hili dogo. Lingenichukua nusu dakika na kaka yangu asingenunua springi.

Na jaribu bila mzigo, halafu na mzigo. Keria nyingi zetu zimefungwa kwa waya na vipande vya tyubu, na zinalia kweli. Lakini keria haina hatari kama foku. Usifurahi kuipata keria ikilia ukaacha kutafuta. Baiskeli moja inaweza kuwa na vilio viwili.

Jambo moja ambalo yule baba alilirudia mpaka nikachoka kulisikia: gusa kitu kimoja, halafu panda ujaribu. Ukikaza nati ya kiti, ukatia oili kwenye mnyororo, ukabadilisha pedali siku ile ile na sauti ikaisha, hujui kilichoponya ni kipi. Ikirudi mwezi ujao unaanza upya na mfuko mtupu.

Tuje kwenye pedali, maana hapa ndipo baiskeli zetu zinapolia zaidi. Baiskeli hizi za zamani za chuma, mkono wa pedali umekazwa kwenye ekseli kwa pini ndogo inayopita kwa upande, yenye ubapa upande mmoja na nati ndogo mwishoni. Mafundi wanaiita kota. Ikilegea, mkono wa pedali unacheza kidogo sana, huwezi kuuona, lakini mguu unausikia: tok, kila unapokanyaga. Ijaribu baiskeli ikiwa imesimama. Weka mikono ya pedali ilale sambamba na ardhi, mmoja mbele mmoja nyuma. Mwenzako ashike breki. Kandamiza pedali zote mbili kwa viganja. Sasa zungusha nusu mzunguko ili ile ya nyuma ije mbele, ukandamize tena. Ukisikia tok au ukaona mkono mmoja umeshuka kidogo kabla ya mwingine, kota ya upande huo imelegea.

Watu wengi hapo huchukua nyundo, wanapiga. Ngoja. Ukiipiga kota bila kuegemeza mkono wa pedali juu ya kitu kigumu, nguvu yote inaingia kwenye gololi za ekseli, na gololi zinachimba vishimo kwenye vikombe vyake. Utaondoa sauti ya leo na kuleta ya wiki ijayo. Tafuta kipande cha bomba zito au gogo gumu lenye tundu, likae chini ya mkono wa pedali na liguse ardhi ngumu, kota ipate nafasi ya kushuka ndani ya tundu. Piga kota iingie, halafu kaza nati yake. Usiivute kota kwa nati peke yake, uzi wake ni mdogo na utakatika. Baada ya siku moja ya kazi, irudie. Kota mpya hukaa vizuri baada ya kukazwa mara ya pili au ya tatu. Na kama ubapa wake umelika ukawa kama ngazi, usihangaike nayo, nunua nyingine. Kota ni moja ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye baiskeli, na kuendelea kuendesha na kota mbovu kunakula tundu la mkono wa pedali ambao bei yake si ndogo.

Mnyororo hausemi krii-tok, unasema kwi-kwi-kwi, kama panya. Umekauka. Ufute kwanza kwa kitambaa, vumbi letu jekundu lote litoke, ndipo utie oili tone kwa tone, uzungushe, ufute tena ile iliyobaki nje. Oili iliyobaki nje inashika vumbi na kuwa kama msasa. Na jamani, mawese ni ya sombe. Najua wengi mnayapaka, hata sisi tuliyapaka. Asubuhi ya baridi yanaganda, mchana yanakamata kila chembe ya vumbi iliyopita njiani. Oili kidogo ya injini ni bora.

(SAUTI: Mnyororo mkavu. Kwi-kwi-kwi-kwi.)

MTANGAZAJI: Huyo ndiye panya.

Sasa mbele ya baiskeli. Hapa nitakaa kidogo, mnajua sababu.

Simama kando ya baiskeli, kaza breki ya mbele, na uisukume mbele na kuirudisha nyuma bila magurudumu kuzunguka. Weka vidole vya mkono wako mwingine pale foku inapoingia kwenye fremu, chini ya usukani. Ukisikia kitu kinacheza kwenye vidole, gololi za usukani zimelegea, na hiyo inakazwa kwa kikombe chenye uzi kilicho chini ya nati kubwa ya juu; nati yenyewe hukifunga tu. Kaza mpaka mchezo uishe, lakini usukani uendelee kugeuka kwa urahisi.

Kama hakuna mchezo na bado inalia unaposhika breki au unapovuta usukani kupanda mlima, chukua kitambaa chenye maji. Osha foku. Osha hasa pale juu, mabega ya ule uma, na pale chini ya fremu bomba linapoingia. Ikaushe. Sasa itazame kwenye jua, kwa zamu, kila upande. Unatafuta mstari. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, na mara nyingi kuna kutu imetoka kwenye mstari huo, kahawia, kama machozi. Mkwaruzo wa kawaida unang'aa au una ncha zilizochanika, na ukipitisha kucha unaweza kuona umeishia kwenye rangi. Ufa unafuata ukingo wa mahali vyuma vilipounganishwa. Kandamiza usukani huku mwenzako akitazama: mstari ukifunguka na kufunga, hata kidogo sana, huo ni ufa.

Fanya hivyo hivyo kwenye fremu: pale bomba la kiti linapokutana na bomba la juu, pale chini kwenye ekseli ya pedali, na pale nyuma gurudumu linaposhikwa. Fremu ikipasuka nyuma, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Lakini foku yenye ufa juu kabisa, kwenye lile bomba linaloingia ndani ya fremu, usiichomelee ukaipandia na mzigo. Huko ndani huoni kinachoendelea. Yule baba alikuwa akikataa kazi hiyo hata ukimlipa mara mbili. Tafuta foku nyingine, hata iliyotumika, na uioshe na kuikagua kwanza kama ulivyokagua ya kwako. Mpaka uipate, ikokote baiskeli. Inaweza kubeba maji ikikokotwa.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Kaka yangu alipoanguka, gurudumu la mbele lilipinda pia. Kwa hiyo tuingie kwenye magurudumu yanayoyumba, maana watu wengi wameniuliza: "Tairi yangu inagusa foku, ninunue ringi mpya?" Mara nyingi, hapana.

Kwanza pambanua. Geuza baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani. Zungusha gurudumu. Kama linagusa upande mmoja muda wote, gurudumu halijapinda, limekaa vibaya tu. Legeza nati mbili za ekseli, lisogeze mpaka nafasi ya kushoto na ya kulia ziwe sawa, kaza nati kidogo kidogo kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Gurudumu la nyuma huwa linavutwa na mnyororo likakaa upande, hasa nati zikiwa hazijakazwa sawasawa na mtu akapanda mlima na mzigo.

Kama linagusa mara moja kwa kila mzunguko, halafu linaachia, hapo ringi imepinda au ekseli inacheza. Shika ringi kwa vidole na uisukume kulia na kushoto bila kuizungusha. Ikicheza tok-tok, ni koni na gololi ndani ya habu. Rekebisha hizo kwanza. Ukianza kukaza spoku wakati habu inacheza, utafukuza kivuli siku nzima. Mimi nilifukuza.

Ringi inashikwa katikati na spoku, na spoku hazisukumi, zinavuta tu. Baiskeli nyingi za aina yetu zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nusu zinatoka upande wa kushoto wa habu na zinaivuta ringi kushoto. Nusu zinatoka kulia na zinaivuta kulia. Ringi inakaa sawa kwa sababu hakuna anayeshinda. Spoku za kushoto zikilegea mahali fulani, pale pale ringi inakwenda kulia.

Kwa hiyo pita kwanza ukizigusa zote kwa kidole kama nyuzi za gitaa. Iliyokazwa inalia ting. Iliyolegea inasema tup. Gurudumu la mbele spoku zake zinapaswa kukaribiana sauti. La nyuma, upande wa friwili huwa umekazwa zaidi kidogo, usishangae. Ukikuta spoku iliyokatika, ibadilishe kabla ya yote, kwa sababu jirani zake wanabeba mzigo wake na ndio watakaofuata.

Funga kijiti kwenye mguu wa foku kwa kipande cha tyubu, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa. Zungusha taratibu. Pale ringi inapokuja kugusa kijiti, weka alama ya chaki. Tuseme pale ringi imekwenda kulia. Katikati ya alama, tafuta spoku inayotoka upande wa kushoto wa habu, uikaze nusu mzunguko. Majirani zake wawili wanaotoka kulia, kila mmoja umlegeze robo mzunguko. Zungusha, tazama. Usikaze mzunguko mzima kwa mara moja hata kama umekasirika.

Hapa watu hukosea upande. Baiskeli imegeuzwa, spoku iko chini, mkono umepinda, na kulia kunakuwa kushoto. Fikiri hivi: jiweke upande wa tairi, kana kwamba umeishika bisibisi na kuiingiza kutoka nje ya gurudumu kuelekea habu. Ukitazama kutoka huko, kuzungusha kama mshale wa saa ni kukaza. Ukitazama kutoka kwenye habu, ni kinyume. Kabla ya kuanza, jaribu spoku moja na uisikilize: ting yake ikipanda, umekaza.

Nati ndogo za spoku zikiwa na kutu, tia tone la oili na uende ukanywe chai. Ukilazimisha, spoku itajisokota kama uzi na nati haijasogea. Ukiwa huna spana ya spoku, spana malaya ndogo inafaa kama haijalegea mdomo. Plaizi inakula pembe za nati, na ukishazila huna pa kushika tena.

Ukimaliza, shika spoku mbili mbili zinazokaribiana, uzibane kwa kiganja kuzunguka gurudumu lote. Utasikia tik, tik. Zinakaa mahali pake. Tazama tena kwa kijiti, rekebisha. Kama spoku zimekazwa sana, toa tairi uhakikishe hakuna ncha iliyochomoza ndani ya ringi, maana itakutoboa tyubu ukiwa njiani na jua limezama. Piga msasa ncha hiyo au uikate.

Na kama baada ya haya gurudumu linalia bado mara moja kwa kila mzunguko, tazama pale spoku mbili zinapopishana. Zikilegea zinasuguana hapo. Tone moja la oili kwenye makutano linanyamazisha, lakini ukague kama hazihitaji kukazwa.

Kuna ringi isiyopona. Iliyogonga jiwe ikapata pembe, kona unayoiona kwa macho, spoku haziwezi kuirudisha. Ya kaka yangu ilikuwa hivyo upande mmoja. Yule baba alinifanya niihangaikie siku mbili nzima, halafu akaja akaitazama na kusema, "Sasa umejua. Itupe." Nilikasirika siku ile.

Mkienda kwa fundi, na kwenda kwa fundi si aibu, msimwambie "badilisha pedali." Mwambieni, "Inalia nikikanyaga, mguu wa kushoto, hata nikisimama, na inanyamaza nikiacha kukanyaga." Fundi mwema atafurahi, umempunguzia kazi. Na kitu cha zamani alichokitoa, mwombe akuonyeshe. Kwa heshima tu: "Fundi, naomba nikione." Mkitazame pamoja, mmelika wapi.

Muda wetu unaisha. Baiskeli ya jirani niliyoiazima asubuhi tuliipima hapa nje. Ilinyamaza tulipoacha kukanyaga. Haikunyamaza tuliposimama juu ya pedali. Sauti ilikuja mara moja kwa mzunguko, na mkono wa kushoto ulishuka kabla ya wa kulia. Isikilize baada ya kugongwa kota juu ya kipande cha bomba.

(SAUTI: Baiskeli inaendeshwa. Matairi kwenye changarawe. Hakuna kilio.)

MTANGAZAJI: Jirani mwenyewe amesema atarudi kesho kuikaza tena. Foku yake tumeiosha na kuitazama, iko salama.

Jumamosi ijayo yule baba fundi amekubali kukaa hapa nje ya chumba chetu kuanzia asubuhi. Leteni baiskeli zenu, na mje mmeshahesabu inalia lini. Kaka yangu naye atakuwepo. Ana foku nyingine sasa, na kila Jumapili anaiosha kabla ya kwenda kanisani.

Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGIA.)